Fomu Isiyokuwa na Baba

Daftari nililoandika mambo haya mara ya kwanza lilibaki ndani ya kile chumba, kwa sababu sheria ya pale ni kwamba kinachoingia hakitoki. Kwa hivyo naandika tena kutoka kichwani, kwenye daftari la Kemia lililobakisha nusu ya kurasa. Palipo na kosa ni kumbukumbu, si uongo. Uongo upo, ila si wangu, na nitaufikia.

Niko kidato cha tatu. Kwa makaratasi nina miaka kumi na nane, kwa sababu nilichelewa kuanza shule. Mtu akitaka kunijua atasikia kwanza kwamba siongei. Si kiburi. Kidato cha kwanza mwalimu wa sayansi, mtu wa kutoka kule chini, si Msomali, alinisimamisha nisome ubaoni, nikasoma "kibimo" badala ya "kipimo". Nyumbani wote tunasema hivyo, Kisomali hakina hiyo herufi. Darasa likacheka, hata Wasomali wenzangu wakacheka, na mpaka leo kuna wanaoniita Kibimo. Tangu hapo nikawa mtu wa kuandika.

Kikohozi kilinishika shuleni na hakikuniacha. Mama alikuja kunichukua. Tulipofika nyumbani akafunga mlango ndipo akalitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni la aibu: qaaxo. Yaani kifua kikuu. Kwetu ukisemekana una qaaxo, hata dada zako hawaulizwi ndoa.

Kesho yake tukaenda hospitali. Kuna jengo dogo jeupe nyuma ya wodi, lenye kibandiko cha bendera ya nchi moja ya baridi mlangoni. Zamani makohozi yalitumwa Nairobi na watu wakangoja majibu hadi wakasahau wanangoja nini. Sasa ipo mashine inayojibu siku hiyo hiyo. Mashine ilikuja na msaada, na pamoja nayo zikaja kompyuta, kiyoyozi, chumba cha kutenga wagonjwa, na mwanamume mmoja wa kufundisha watu wetu jinsi ya kuvitumia vyote. Watu walimwita mzungu wa mashine.

Kwenye foleni mbele yangu alikaa msichana wa rika langu mwenye mtoto mgongoni. Alikohoa ndani ya shash yake, mtandio wa kichwani, akaikunja ile sehemu, akaendelea kukaa kama malkia. Karani akaita jina. Nikasimama. Na yeye akasimama.

"Wewe ni nani?" akaniuliza kwa Kisomali.

"Huyo aliyeitwa."

"Na mimi ndiye huyo." Akanitazama juu mpaka chini. "Basi wewe ni mimi. Ila mimi mrembo."

Tulipolinganisha, jina letu lilikuwa moja na jina la babu moja. Baba tu ndiye tofauti. Si ajabu, majina yenyewe ukiyaita sokoni nusu ya soko litageuka. Mtoto akaanza kulia, akamshusha. "Ana miezi saba na tayari anajua kunitukana," akasema. "Walaal, ndugu yangu, nishikie laini nimnyonyeshe." Akaenda nyuma ya ukuta. Nikamshikia laini.

Karani alikuwa kijana mpole mwenye kompyuta ya msaada mbele yake. Akauliza jina la kwanza, nikanong'ona. Akauliza jina la mwisho. Mama akajibu kwa niaba yangu, akataja la babu, kwa sababu kwetu la mwisho ni la babu. Jina lako, la baba, la babu, ndivyo mtu anavyojulikana.

"Haya, imeingia," karani akasema.

"Na la baba yake?"

"La katikati halina nafasi, mama. Kuna kisanduku cha kwanza na cha mwisho."

"Baba yake hana nafasi?"

"Si mimi, mama. Ni kombyuta."

"Mwambie kombyuta huyu mtoto ana baba."

Watu wakacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Siku ya kuzaliwa karani hata hakuuliza, akaandika Januari mosi. Hapa kwetu kila mtu ambaye kuzaliwa kwake hakukuandikwa amezaliwa Januari mosi. Nikapewa kikopo, nikaenda kukohoa.

Jioni simu ya mama ikalia. Nina ile ya sugu, wakasema, ile isiyosikia dawa za kawaida, na lazima nitengwe.

*

Chumba kina milango miwili. Wa kwanza lazima ufungwe ndipo wa pili ufunguke. Dirisha moja linatazama korido, ni kioo kizima kisicho na komeo. Jingine liko juu, huoni chochote ila mbingu, na hiyo mbingu ya Garissa haina hata wingu la kuhesabu. Juu ya dari kuna feni inayonyonya hewa mchana na usiku kwa sauti ya mtu anayetaka kusema "sss" na haachi.

Muuguzi aliyenihudumia, sista tulimwita, alikuwa wa kutoka Meru, mcheshi, Kiswahili chake cha kasi. Alivaa barakoa iliyomfanya aonekane kama bata, na mwenyewe akasema hivyo. "Bata ameleta vidonge," alikuwa akisema. Vidonge vilikuwa vingi, vikanitapisha. Mdomo ukawa na ladha ya chuma.

Siku ya pili, akiwa anasoma faili langu, akauliza bila hata kuinua macho, "Na huyo mtoto wako nani anamnyonyesha sasa?"

Mimi sijaolewa. Kwetu swali hilo kwa msichana ambaye hajaolewa ni kama kofi, na baada yake watu huangalia upande kuona kama umepigwa kwa haki. Nilivuta shash usoni nikageukia ukuta. Sista akaandika kitu. Baadaye niliona alichoandika: mgonjwa hataki kuzungumzia mtoto.

Mtu mwingine angesema sina mtoto, na mambo yangeisha siku hiyo. Mimi nililia nikiamini kwamba wameona kitu kwenye damu yangu kinachonifanya nionekane mchafu. Nilifikiri ugonjwa una njia za kukusingizia.

Mama alikuja kila siku alasiri, akasimama nje ya kioo cha korido. Hatukusikiana vizuri, kwa hivyo alisema maneno machache na kwa midomo mikubwa.

"Umekonda, hooyo." Mama kwetu humwita mtoto wake hooyo, yaani mama, kama vile ni yeye aliyezaliwa na wewe.

"Watu wanauliza niko wapi?"

"Uko Wajir. Kwa shangazi."

Huo ndio uongo. Alikuwa amewaambia majirani, shule na hata wajomba zangu kwamba shangazi kajifungua na nimeenda kumsaidia. Nikawa niko mahali pawili na kote siwezi kutoka. Nilitaka kumwambia kuhusu lile swali la sista, lakini unalisemaje kwa midomo mikubwa mbele ya watu wa korido?

Nikaliandika kwenye daftari. Nikaandika pia rangi ya ukuta, ladha ya vidonge, feni. Nilipoomba kurasa zipelekwe kwa rafiki yangu, sista akakataa. Orodha ya mzungu wa mashine ilisema vitu vya chumbani visitolewe. Mzungu mwenyewe alikuwa na maana ya barakoa na vikopo, hilo nililijua baadaye, lakini orodha ilikuwa imetafsiriwa na mtu mwoga kuliko mimi.

Yule mzungu alikuwa akija kukagua mlango. Anachuchumaa nje, anakata ukanda wa karatasi ya choo, anaushikilia kwenye upenyo wa chini. Karatasi ikivutwa kuelekea ndani anafurahi. Maana yake hewa inaingia kwangu na haitoki. Niliitazama ile karatasi ikiinama kuja upande wangu, ikitetemeka, na sikufurahi.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri hadi kinatisha. Alijifunzia Tanzania. Alisema "dirisha hili halifunguki kwa makusudi" na "vidonge hivi vimekuchosha, pole", kila kitu mahali pake, kuliko mimi mtoto wa Kenya. Siku alipokutana na mama koridoni akainama kidogo akasema, "Shikamoo, mama." Mama akaangalia mikono yake.

"Nishike nini?" akamuuliza sista.

Nilicheka hadi nikakohoa. Ndiyo mara pekee niliyocheka mle.

*

Siku ya sita sista aliingia na uso wa kazi. "Skiza, dada. Huyo mtoto lazima apimwe. Wa miezi saba hawezi kukaa hivi hivi. Niambie tu yuko wapi, sitakuuliza ya baba yake."

Miezi saba.

Nilimwona pale pale, yule wa kwenye foleni, akikunja shash. Ana miezi saba na tayari anajua kunitukana. Kila kitu kikaja kwa mara moja, jina, babu, Januari mosi. Kompyuta ilituona mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili na ikatuunganisha. Simu wakachukua ya kwanza, ya mama. Habari za mtoto zikatoka kwake. Na jibu la sugu lilikuwa lake, na yeye bila shaka alipewa langu, yuko nyumbani na dawa zangu zisizomfaa, akimnyonyesha mtoto na kumkoholea.

Nilifungua mdomo. Sista alikuwa akingoja, macho juu ya mdomo wa bata.

"Bado hutaki," akasema, akatoka. Mlango wa kwanza, kisha wa pili.

Hapa nitasema kweli, kwa sababu daftari lile lilisema. Si haya peke yake iliyonifunga. Nilifikiri: nikisema, nitatoka mimi na ataingia yeye. Nilimfikiria amelala kitanda hiki akisikiliza feni, na maziwa yakimvimba, na mtoto nje. Nikajiambia pengine nimekosea. Nikajiambia nitasema kesho. Nililala na jambo la mwenzangu kifuani mpaka asubuhi, na kila saa niliyonyamaza mtoto yule alikuwa mgongoni mwake.

Asubuhi sista akasema, "Leo agana na rafiki yako wa karatasi ya choo. Kesho ndege inamchukua. Kule maabara wanalia, kompyuta ikikataa hakuna mwingine anayejua kuifungua."

Ndipo nikaogopa kweli. Nikachana ukurasa wa katikati, nikaandika kwa herufi kubwa: SINA MTOTO. MWENYE MTOTO NI WAJINA WANGU. MAJIBU NI YAKE. Chini nikaandika majina yangu yote matatu, la baba nikalipigia mistari miwili.

Alipokuja na ukanda wake nikabandika ukurasa kwenye kioo. Akainuka, akausoma taratibu, midomo ikicheza. Akanionyesha kidole kwamba ningoje, akaondoka kwa haraka. Nikakaa kitandani. Niliona nimefanya jambo kubwa bila kufungua mdomo.

Alirudi baada ya muda mrefu, na alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma.

"Nimetafuta, binti," akasema karibu na kioo. "Katika orodha yote hakuna mgonjwa anayeitwa Wajina."

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa. Kiswahili chake kizuri chote hakikuwa na neno hilo. Sisi tunasema wajina kwa mtu mliyepewa naye jina moja. Huko alikojifunza wanasema somo, sista aliniambia baadaye, na mimi somo ninalolijua ni la shuleni. Akamgeukia sista, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika koridoni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba pengine ni vidonge, vinaweza kuvuruga mawazo. Kiingereza hicho nilikisikia vizuri kabisa. Wakaanza kuondoka. Kalamu ilikuwa mkononi na haikuwa na kazi tena, maana wote wawili walishanipa mgongo.

Nikapiga kioo kwa viganja.

"Tuko wawili," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo. "Tuko wawili. Jina moja, babu mmoja. Baba tofauti. Fomu haina baba. Nibimeni tena."

Nilisikia mwenyewe nilivyosema. Nibimeni. Na nikarudia vile vile, kwa sababu sikuwa na nyingine. "Nibimeni tena. Na yeye mumbime. Ana mtoto wa miezi saba, si wangu."

Sista ndiye aliyesimama. Hakucheka. Akamwambia mzungu kitu kwa haraka, akihesabu kwa vidole: jina, babu, Januari mosi. Niliuona uso wa yule mwanamume ukibadilika polepole kama maji yanayokauka kwenye sinia.

Alinipima mwenyewe saa hiyo hiyo. Kabla ya sala ya alasiri jibu lilitoka: nina kifua kikuu cha kawaida, kinachosikia dawa, na dawa zake ningekunywa nyumbani. Kwenye kompyuta wakaifungua rekodi yangu, wakakuta simu ya pili chini kabisa. Wakaipiga.

*

Wajina wangu aliletwa jioni ile. Nilikuwa nimekaa koridoni na mfuko wangu mtupu, kwa maana kinachoingia hakitoki, nikiwa nimevaa nguo mpya alizoleta mama. Alikuja na mama mkwe wake aliyembeba mtoto. Alipofika mlangoni akanitambua. Alikuwa amekonda kuliko siku ya foleni, lakini shingo ilikuwa ile ile ya malkia.

"Kumbe," akasema. "Nilikuambia unishikie laini, si kitanda."

Sikuweza kucheka, yeye alicheka kidogo. Kisha akamnyonyesha mtoto mara ya mwisho akiwa amevaa barakoa, pale pale kwenye benchi, na sote tukaangalia pembeni. Mtoto alipimwa. Hakuwa na kitu. Sista alisema wataendelea kumpima, na neno hilo "kuendelea" limenikaa mpaka leo.

Mzungu wa mashine aliahirisha ndege siku mbili. Alisema programu yenyewe hawezi kuibadilisha, wa kuibadilisha yuko kwao, amemwandikia. Kwa sasa alibandika karatasi juu ya kompyuta: ANDIKA MAJINA MATATU. Kisanduku cha tatu hakijapatikana bado, kwa hivyo karani anaandika jina la baba kwenye kisanduku cha anwani. Baba yangu sasa ni mahali ninapoishi. Jioni ile, kabla sijaondoka, alikuja kuniomba msamaha kwa Kiswahili chake safi, na mimi nikamjibu, "Hakuna shida," na hiyo ndiyo hotuba yangu ndefu kwake baada ya zile kelele.

Nilidhani nimetoka. Nyumbani mama alifunga geti.

"Wewe bado uko Wajir," akasema. "Basi halijafika."

"Litafika lini?"

"Ukinenepa."

Nikakaa chumba cha ndani wiki baada ya wiki. Mgeni akija, nanyamaza na kuzuia kikohozi kwenye mto. Kile chumba cha hospitali kilikuwa na feni angalau. Nje nilienda mara moja kwa wiki kuchukua dawa, uso umefunikwa, mama mbele.

Mara ya tatu mama akachelewa kwa mfamasia, nami nikateremka korido mpaka kwenye kioo. Wajina wangu alikuwa amekaa kitandani kwangu, yaani kwake. Mkononi alikuwa na daftari langu. Nililiacha chini ya godoro. Alinyanyuka akaja, akalifungua ukurasa fulani, akaubandika kwenye kioo kama nilivyofanya mimi. Alisoma mpaka darasa la nane, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Chini ya maneno yangu kuhusu usiku ule wa kunyamaza alikuwa ameandika:

*Ulijua jana yake.*

Nikatikisa kichwa kukubali. Akageuza ukurasa.

*Nikiwauliza juu ya mtoto wanasema mzima, mzima. Kila mtu mzima. Mama mkwe hana simu ya picha. Nenda wewe umwone kwa macho yako uje uniambie. Bibi yake anauza maziwa ya ngamia soko la maziwa.*

Soko la maziwa ni mahali ambapo mama anajulikana na kila kikombe. Nikipita pale hata dakika tano, Wajir imekwisha, na kila mtu atauliza kwa nini nilifichwa, na wote watajua jibu. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba siwezi. Hakunibembeleza. Alishusha daftari, akarudi kitandani, akakaa akiangalia dirisha la juu, lile lisilo na kitu. Nilijua hasa anachokiona.

Jumamosi, mama alipoenda kwenye mazishi, nilifungua geti. Sikufunika uso, kwa sababu nilijua nikifunika nitarudi nyumbani kabla ya kufika. Jua lilikuwa kali, miguu ilikuwa imesahau mwendo. Kwenye safu ya wauza maziwa nilimkuta yule mama mkwe, na pembeni yake, juu ya mkeka, mtoto amekaa mwenyewe, ameshika kifuniko cha kibuyu na kukipiga chini.

Kabla sijafika, jirani yetu aliyekuwa akinunua maziwa akageuka.

"Maasha'Allah, si uko Wajir wewe?"

Wanawake watatu wakasogea kusikiliza.

"Sikwenda Wajir," nikasema. "Nilikuwa hosbitali."

Nikachuchumaa mbele ya mkeka, nikafunika mdomo kwa shash, nikamtazama mtoto vizuri, ili nikamweleze mama yake kuhusu jino jipya, na makunyanzi ya mapaja, na jinsi alivyokasirika nilipogusa kifuniko chake.